Mizunguko Thelathini ya Tairi

Jumatatu, 22 Aprili 2024. Mbagala Kizuiani, saa nne usiku

Goti la kushoto limevimba. Mama watoto amelikanda kwa maji ya moto na chumvi, akalifunga kitambaa, akaenda kulala bila kuniuliza mengi. Naandika sasa hivi kabla sijaanza kuisimulia ajali ya leo kijiweni, maana kijiweni habari huongezeka kila inapopita mdomoni, na hii nataka ibaki ilivyokuwa.

Asubuhi nilimshusha abiria Mtoni kwa Azizi Ali. Niliwasha indiketa ya kushoto, nikaegesha pembeni, nikapokea hela, nikatafuta chenji, nikarudi barabarani kuelekea Mtongani. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua na lami inang'aa. Kwenye mdomo wa kichochoro bajaji ilikuwa inasubiri kutoka. Dereva aliniona, macho yake nayakumbuka. Alinitazama, akaitazama taa yangu, akatoka.

Nilikamata breki zote mbili. Tairi la mbele likateleza, pikipiki ikalala ubavu wa kushoto na mguu wangu ukiwa chini yake.

Yule dereva ni mtu mzima, ndevu zimejaa mvi. Aliniinua mimi kwanza, halafu ndiyo akainua Boxer, pikipiki yangu. Hakunigombeza. Alisema, "Pole sana mwanangu. Lakini taa yako imeniambia unaingia huku." Nikageuka kuangalia. Indiketa ya mbele ilikuwa inaning'inia kwenye waya, imepasuka. Ya nyuma ilikuwa bado inawaka na kuzima, kushoto, kushoto, kushoto. Kumbe tangu kwa Azizi Ali nilikuwa nawatangazia watu wote wa Barabara ya Kilwa kwamba nakata kona, na kona yenyewe sina.

Nilimwomba radhi. Nikamwonyesha hela ya saiti mira yake iliyopinda, akaisukuma kwa kiganja ikarudi, akasema nikanunue dawa.

Jumatano, 24 Aprili

Siku ya pili siingii kazini. Hesabu ya bosi ni elfu kumi kwa siku. Nimempigia, amesema nipone kwanza, mengine tutaongea.

Nimekaa kibarazani mguu juu ya kigoda, natazama barabara. Kabla ya adhuhuri nimeona pikipiki tatu zikipita na indiketa zilizosahauliwa. Mmoja namfahamu, nimempigia mluzi, akapunga mkono akidhani namsalimia.

Tunasahau kwa nini? Nimejiuliza hivyo asubuhi nzima. Taa ya dashibodi ni ndogo kama punje ya hindi, na jua la mchana linaimeza. Mlio hausikiki kwa sababu ya upepo, injini na honi za daladala. Halafu akili yetu haipo kwenye kidole gumba. Ukishamaliza kona unaanza kusikiliza abiria anayekwambia "hapo mbele kwenye duka la dawa", unakwepa shimo, unatazama simu kama umepata mteja wa Bolt. Kona imekwisha moyoni mwako, kidole hakijapata habari.

Mwenye gari hana shida hii. Akishapinda, usukani unaporudi unaisukuma swichi yenyewe na unasikia *tak*. Sijawahi kumwona dereva wa daladala akizima indiketa kwa mkono.

Ijumaa, 26 Aprili

Muungano umetimiza miaka 60 leo na redio zote zinaimba. Nimekwenda Tandika kwa fundi umeme wangu, ambaye sikukuu haijui. Amenifungia indiketa mpya ya mbele. Nikamuuliza swali langu: kwa nini pikipiki haizimi taa yenyewe kama gari?

Aliacha kazi. Akanishika mkono, akaniweka kwenye hendeli. "Pinda kona ya Tandika sokoni. Hendeli imezunguka kiasi gani?" Nikaijaribu nikiwa nimesimama. Vidole viwili, labda vitatu. "Sasa ukiwa mwendo wa hamsini?" Hapo sikuhitaji kujaribu, maana kwenye mwendo pikipiki inalala tu na hendeli inasogea kidogo mno. Usukani wa gari unazunguka raundi nzima na zaidi, kwa hiyo kuna kitu cha kuigonga swichi. Sisi hatuna hicho kitu. Ndiyo maana magari ya Buick ya Marekani yalikuwa na indiketa za kujizima tangu mwaka 1940, na mimi mwaka 2024 bado nategemea kidole.

Akaniambia ana mpwa wake anasoma chuo cha DIT, mambo ya umeme mdogo mdogo. Ataongea naye.

Jumamosi, 4 Mei

Kimbunga Hidaya. Tangu jana watu wa hali ya hewa wanatangaza, na boti za Zanzibar zimesimamishwa. Mabati yanapiga kelele, maji yamejaa uani, hakuna mtu kijiweni. Siku nzima niko na simu na chaja, nasoma habari za pikipiki.

Nimegundua kwamba wenzetu walishaliona tatizo hili zamani. Yamaha waliweka indiketa za kujizima kwenye baadhi ya pikipiki zao miaka ya 1970. Walitumia vitu viwili pamoja: muda wa sekunde 10 na mwendo wa mita 150. Taa haizimiki mpaka vyote viwili vitimie, kwa hiyo ukisimama kwenye foleni inaendelea kuwaka hata kama ni nusu saa. Mwendo walikuwa wanauhesabia kwenye spidomita. Harley-Davidson wao waliweka kifaa kinachohisi pikipiki inavyolala na kuinuka. Hiyo ni akili kubwa, lakini bei yake inalingana na Boxer kadhaa.

Nikaingiza pikipiki ukumbini. Mama watoto alidhani ni kwa sababu ya upepo. Nikachora mstari wa chaki kwenye tairi la mbele na mwingine sakafuni, nikamwomba apande juu ili tairi libonyee kama likiwa na mtu, nikaisukuma mpaka mstari wa tairi ukagusa sakafu tena. Tukapima kwa futi yake ya kushonea: futi nzima ya sentimita 150, na nyingine 28. Mita 1.78 kwa mzunguko mmoja. Mita 150 ni mizunguko 84 na kidogo. Watoto wakataka turudie, tukarudia mara tatu, jibu lile lile.

Jumamosi, 11 Mei

Kwanza tumejaribu njia rahisi. Fundi amenunua Kariakoo rilei ya taima ya volti 12, ile inayouzwa kwa ajili ya pampu na taa za nje. Ameiweka kwenye waya unaokwenda kwenye flasha, ile inayoipepesa indiketa. Nikiwasha indiketa, taima inaanza, ikifika sekunde 15 inakata. Kazi ya saa moja. Tumezunguka Tandika, Temeke Mwisho, tukarudi. Kila kona taa inawaka, inazimika. Nilifurahi sana, nikamnunulia fundi chipsi.

Jumatatu, 13 Mei

Furaha imekwisha. Nilikuwa natoka Buguruni na abiria wa Kipawa. Pale Tazara, chini ya daraja la Mfugale, unasubiri mataa ili ukate kulia kuelekea uwanja wa ndege. Niliwasha indiketa ya kulia, nikajipanga. Mataa ya pale yanakuchelewesha, na sekunde 15 ziliisha zamani. Taa yangu imezimika na mimi sijui, nina uhakika wote kwamba nimewasha. Waliporuhusu, nikaanza kukata kulia, na pikapu iliyokuwa nyuma yangu ikawa inapita kulia kwangu kwa sababu kwa macho yake mimi nilikuwa naenda moja kwa moja Uhasibu. Ilinikosa kwa kiganja. Abiria alishuka kabla ya kufika Kipawa, akanilipa nauli yote, akachukua pikipiki nyingine. Simlaumu.

Kwa hiyo kuna makosa mawili, na la pili ni baya zaidi. Nikisahau kuzima, nimesema kona ambayo sina. Taa ikizimika mapema, nimeficha kona ninayoikata, tena kwa kujiamini. Saa haijui kama nimefika. Fundi ameing'oa taima jioni hii hii bila maneno.

Jumapili, 19 Mei

Mpwa wake fundi amekuja na mkoba wa daftari na nyaya. Kijana mpole, ananiita kaka, anamwita fundi mjomba, na kila anachofunga anakieleza kwanza. Nimemwonyesha hesabu zangu za chaki. Amezirudia mwenyewe kwa kujumlisha kimo cha tairi na rimu ya inchi 17, akapata karibu na zangu, akasema mita 1.78 ni sahihi zaidi kwa sababu imepimwa mtu akiwa juu yake. Nilijisikia vizuri.

Alichofunga ni hiki. Kwenye spoki moja ya mbele ameweka sumaku ndogo, ameibana kwa waya na gundi. Kwenye shokapu, mkabala nayo, kuna kigilasi chembamba chenye ncha mbili za chuma ndani. Sumaku ikipita, ncha zinagusana mara moja. Kila mguso ni mzunguko mmoja. Waya unapanda mpaka chini ya kiti, kwenye kadi ya Arduino iliyo ndani ya kikopo cha mafuta ya kupaka, kimezibwa kwa silikoni kwa ajili ya mvua za Mbagala. Kadi inatumia volti 5, kwa hiyo kuna kipunguza umeme. Balbu mbili za wati 10 zinakula karibu ampea 2, na kadi haiwezi kuzibeba, kwa hiyo inaamuru rilei na rilei ndiyo inabeba.

Kazi ngumu ilikuwa swichi. Swichi ya Boxer ukiisukuma kulia inakaa kulia. Kadi ikikata taa, swichi bado iko kulia, na kona inayofuata ukisukuma hakuna kinachotokea. Fundi ameifungua, akatoa kigololi na springi inayoibana, mahali pake akafunga kipande cha mpira wa chubu kilichokatwa kwa wembe, upana kama wa njiti ya kiberiti. Sasa ukiisukuma inagusa na kurudi katikati yenyewe. Kadi ndiyo inakumbuka. Ukisukuma upande mwingine inabadilisha, ukibonyeza katikati inazima papo hapo. Kile kipande cha chubu nimekitazama sana. Wajapani wa Yamaha wangekikubali.

Tumeanza na kanuni yao, sekunde 10 na mita 150.

Jumatano, 22 Mei

Mita 150 ni nyingi mno kwa Uswahilini. Kutoka ninapoishi mpaka barabarani nimehesabu vichochoro vinne ndani ya mita hizo. Maana yake baada ya kukata kona moja taa yangu inadanganya midomo minne ya vichochoro kabla haijazimika, na yule mzee wa bajaji angeweza kuwa kwenye wowote. Waliopanga 150 walikuwa na barabara za nafasi. Nimempigia kijana, tumepunguza mpaka mizunguko 45, mita 80 hivi.

Ijumaa, 24 Mei

Mita 80 ni chache mno kwenye foleni. Kutoka Tandika kuelekea kwa Azizi Ali magari yanasogea kama konokono. Niliwasha kulia nikiwa mbali, tukasogea na kusimama, tukasogea na kusimama, na nilipofika makutano nilikuwa nimemaliza mizunguko 45. Ikazimika. Safari hii nilikuwa naitazama, nikawasha tena.

Nikaitafakari njia nzima mpaka Zakhem. Nikaanza kujitazama mikono. Kabla ya kona yoyote nafanya nini? Nashika breki. Kwenye foleni nafanya nini? Nashika breki. Nikishamaliza kona nafanya nini? Navuta mafuta, breki naiacha.

Breki inajua kona iko wapi.

Jumapili, 26 Mei

Kijana aliposikia alinyamaza kidogo, kisha akacheka kwa furaha, akasema, "Kaka, hiyo nakwenda nayo kwa mwalimu." Amechukua waya wa taa ya breki, akauunganisha kwenye kadi. Kanuni mpya: kila breki ikishikwa, hesabu inarudi sifuri. Baada ya breki ya mwisho tairi likizunguka mara 30, taa inazimika. Mizunguko 30 ni mita 53. Muda wa sekunde tumeufuta kabisa.

Kwa maneno mengine hesabu inaanzia konani. Naikaribia kona, nashika breki, sifuri. Napinda, navuta mafuta, tairi linahesabu, kichochoro cha kwanza sijakifikia, giza.

Jumanne, 4 Juni

Siku mbili taa haikujizima hata mara moja. Nilidhani sumaku imedondoka. Haijadondoka. Kumbe ni mguu wangu. Nina tabia ya kulaza mguu wa kulia juu ya pedeli ya breki, mzito kidogo, taa ya breki inawaka muda wote, na kadi inarudi sifuri muda wote. Miaka sita niko barabarani sijaambiwa. Fikiria watu wote walionifuata usiku wakiona breki yangu imewaka kutoka Gerezani mpaka Rangi Tatu, nikishika breki ya kweli wangejuaje?

Fundi ameirekebisha swichi ya breki na kuishusha pedeli. Mguu nimeanza kuufundisha ukae kwenye kikanyagio chake.

Jumamosi, 15 Juni

Leo nimembeba mwalimu wa shule ya msingi, mteja wangu wa siku zote, mpaka Kongowe. Nyuma ya lori la mchanga nilisubiri. Lori likawasha indiketa ya kulia na halikuwa na kona. Mwalimu akauliza linaenda wapi. Nikamweleza lugha ya wenye malori: kulia maana yake usinipite, kuna kitu mbele, kushoto maana yake njia nyeupe, pita. Likawasha kushoto, nikapita, nikapiga honi ya shukrani.

Akafikiri, halafu akaniuliza, "Sasa wewe ukisahau ya kushoto, wa nyuma yako si atadhani umemruhusu apite?" Sikuwahi kuliwaza hilo. Nilikuwa naona mtu mmoja tu, yule anayetoka kichochoroni. Kuna na wa nyuma. Kuna na wa mbele anayetaka kukata kulia kupita mbele yangu. Taa moja ndogo ya wati 10, na kila mmoja anaisoma kwa maisha yake.

Trafiki amenisimamisha wakati wa kurudi, akaulizia ule waya wa kwenye shokapu. Nimemwonyesha. Aliniambia niwashe kulia, niwashe kushoto, nishike breki, akaniruhusu. Faini ya kosa kwa pikipiki ni elfu kumi tangu ilipopunguzwa kutoka elfu thelathini mwaka 2021, na leo elfu kumi yangu imebaki mfukoni.

Alhamisi, 27 Juni

Mvua ya ghafla, nikapita dimbwi la Mtongani. Kikopo kimestahimili, kigilasi cha shokapu hakikustahimili: maji yameingia kwenye maungio ya waya. Tairi halihesabiwi, kwa hiyo taa inabaki inawaka mpaka niibonyeze. Kijana alipanga hivyo kwa makusudi, kwamba kifaa kikiharibika kirudi kuwa indiketa ya kawaida, kisije kikazima chenyewe bila kuulizwa. Nimemshukuru kwenye simu. Fundi ameunga upya kwa risasi na kuvalisha mpira wa kubana kwa moto.

Kijiweni watatu wanataka wafungiwe. Nimewaambia gharama yangu ukweli: vifaa na ufundi vimefika elfu arobaini na tano, ukitoa ile taima iliyokwenda bure. Mmoja amesema atafunga taa za LED kwanza. Nimemtahadharisha anunue na flasha ya elektroniki, maana flasha ya zamani inategemea joto la umeme wa balbu, na LED hazili umeme wa kutosha kuipasha. Zitawaka tu bila kupepesa.

Jumapili, 7 Julai. Saba Saba

Barabara ya Kilwa imejaa tangu asubuhi, watu wanakwenda uwanja wa Maonyesho kwa familia nzima, wameshika maputo na watoto mabegani. Katikati, njia ya mwendokasi ya zege iko wazi inasubiri mabasi yake, na wenzangu wanapita humo kwa kasi. Mimi sipiti. Nimepeleka na kurudisha watu mpaka kiza kimeingia.

Saa kumi jioni, karibu na kile kichochoro cha Aprili, nilikuwa naenda moja kwa moja Zakhem na abiria nyuma. Bajaji ilikuwa mdomoni inasubiri. Siyo yule mzee, ni kijana. Akanitazama, akatazama taa. Haikuwa inawaka. Akasubiri nikapita.

Safari ya mwisho kutoka uwanjani mpaka nyumbani nimeihesabu kwa makusudi. Nimewasha indiketa mara kumi na moja. Mara kumi imezimika yenyewe. Mara moja nimeizima kwa kidole, kwa sababu abiria alisema "kata hapa" halafu akasema "hapana, nyoosha".